Mimi ni mkutubi au mshika funguo?

*Shikamoo Mama Mshauri,*

*Mimi ni binti wa miaka 29, mkutubi msaidizi katika chuo cha afya cha shirika la dini, huku Nyanda za Juu Kusini. Fani hii sikuichagua. Nilitaka uuguzi, kemia ikanikatalia, mjomba akasema Bagamoyo kuna nafasi za ukutubi, nikaenda ili nisikae nyumbani. Nina stashahada na nimeshazoea kazi, ila kazi ndiyo haijanizoea.*

*Maktaba ni yangu kwa jina tu. Wakikosa chumba cha kikao naambiwa nitoe wanafunzi. Mitihani ikifika nasimamia, wageni wakija nagawa chai. Wakati wa mitihani nafunga maktaba saa nne usiku, na nilipoomba malipo ya saa za ziada nikajibiwa kwamba kazi ya maktaba ni wito.*

*Hivi karibuni wazazi wa mchumba wangu walikuja kujitambulisha. Mama yake akauliza ninafanya kazi gani. Kabla sijafungua mdomo, shangazi akajibu, "Yuko maktaba pale chuoni." Mama akashangaa: "Kwa hiyo kazi yake kupanga vitabu? Na hilo nalo linasomewa?" Sebule nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Usiku nililia.*

*Sasa mjomba yuko tayari kunilipia ada nikasome ununuzi na ugavi. Wanafunzi nao wanasema kila kitu kipo Google. Niambie ukweli, Mama: hii ni taaluma, au nimeajiriwa kushika funguo? Nibaki au niondoke?*

*Mshika Funguo*

Marahaba mwanangu, na pole. Kicheko cha sebuleni mbele ya wakwe hakisahauliki upesi.

Umeniuliza swali moja, lakini barua yako ina mambo mawili, na umeyachanganya mpaka moja linalificha lingine. Kuna malipo usiyolipwa na kuna heshima usiyopewa. Naanza na malipo kwa sababu hayahitaji falsafa. Chuo chenu si cha serikali, kwa hiyo ajira yako inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataja saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku kuwa ukomo wa kawaida. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wako wa saa. Hakuna kifungu kinachosema mwenye wito asilipwe. Muuguzi ana wito, mwalimu ana wito, hata padri wa hapo chuoni ana wito, na wote wanakula. Andika barua yenye tarehe na saa ulizofunga, baki na nakala, na uipeleke kabla mitihani mingine haijaanza, wakati bado wanakuhitaji.

Hili la wito limewaumiza wengi kabla yako. Mwaka 2018 mkutubi wa Marekani, Fobazi Ettarh, aliandika makala iliyowatikisa wenzake. Hoja yake ni kwamba wakutubi wamejizoesha kuiona maktaba kama mahali patakatifu na kazi yao kama utume, na kwa imani hiyo wanaona haya kudai mshahara, kulalamikia uchovu, hata kuzikosoa taasisi zao pale zinapokosea. Aliandika akiwa na maktaba za kwao akilini, lakini ukiisoma utadhani alishakaa kikao kimoja na mkuu wako wa chuo.

Nakutajia makala hiyo kwa sababu naijua dawa utakayopewa ukiwaeleza wanafani wenzako masikitiko yako. Watakusimulia Timbuktu. Watakwambia habari za Abdel Kader Haidara, mkutubi wa Mali, ambaye mwaka 2012 mji huo ulipoangukia mikononi mwa wapiganaji aliongoza kazi ya siri ya kuhamisha miswada ya kale kwa maelfu, imefungiwa kwenye masanduku, hadi Bamako. Ni kweli tupu na inasisimua. Ila haitakusaidia kitu Jumatatu asubuhi atakapokuja mtu kukwambia uwatoe wanafunzi, kuna kikao. Mtu anayejiona shujaa kwa sababu ya Timbuktu na huku anagawa chai Njombe au Mbeya atavunjika moyo haraka kuliko asiyejiona chochote.

Nikupe mtu mwingine, ambaye kama wewe hakuitaka kazi hii. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Madras, India. Mwaka 1924 akawa mkutubi wa chuo kikuu cha huko. Alizoea darasa lililojaa vijana, na sasa amekaa peke yake katikati ya makabati yasiyofunguliwa na mtu. Hakuchukua muda, akarudi kwa wakubwa wake kuomba arudishwe kufundisha. Wakakubaliana aende kwanza London akausomee ukutubi, na akirudi bado hautaki, darasa lake atalikuta. Huko Uingereza aliona watu wa kila tabaka, hadi watoto, wakiingia maktaba za mitaa na kutoka na walichokifuata. Jicho lake la hisabati likaona kwamba jambo hilo halitokei lenyewe, kuna mtu amelipigia hesabu. Hakurudi darasani tena. Mwaka 1931 alichapisha kanuni tano za ukutubi, ambazo bila shaka ulizikariri Bagamoyo, ukazijibia mtihani, ukazisahau. Zirudie. Zinahusu kitabu kutumiwa, msomaji kupata kitabu chake, kitabu kupata msomaji wake, muda wa msomaji kuokolewa, maktaba kukua. Hakuna hata moja inayozungumzia funguo.

Basi funguo zilikujaje kuwa jina lako? Nina maoni yangu. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na mwaka huohuo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ikaanzishwa Makerere. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1967, mkutubi alikuwa mtu wa kujenga taifa. Kisomo cha watu wazima kilimhitaji, vijiji vilimhitaji. Chuo chako cha Bagamoyo kilianza mwaka 1989, wakati serikali imekwisha kubana matumizi na kununua kitabu kipya ni anasa. Penye uhaba, anayepewa vitabu huambiwa avitunze visipotee. Ukaguzi ukija, mkutubi anaulizwa vitabu viko vingapi. Haulizwi vimesomwa mara ngapi, wala kama waliotoka walipata walichokitaka. Ukimpima mtu miaka yote kwa vitabu visivyopotea, atavifungia, na akishavifungia watu watamwita kwa jina la kile alichoshika mkononi. Simlaumu mtu. Lakini wewe umeikuta hali hiyo, na bado una miaka zaidi ya thelathini ya utumishi mbele yako.

Sasa tuingie maktabani kwako. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anasimama kaunta: "Dada, naomba kitabu cha damu." Mshika funguo atanyoosha kidole kwenye rafu ya 612, ambayo katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu ni fiziolojia. Kijana ataenda, atakuta sura ya chembe nyekundu na nyeupe, atanakili kurasa mbili na kukosa swali. Mkutubi atamuuliza, "Mwalimu kawapa swali gani hasa?" Kijana atasitasita, kisha atatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Swali linamhusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Jibu lake haliko 612, wala haliko 616 pamoja na magonjwa ya damu. Liko 618, kwenye uzazi, pengine upande wa pili wa chumba. Tena unakumbuka kwamba matibabu ya jambo hilo hubadilika, na kitabu chenu cha zamani kinaweza kumpa jibu lililokwisha pitwa na wakati. Kwa hiyo unamtolea na mwongozo wa karibuni wa Wizara ya Afya au wa Shirika la Afya Duniani. Mazungumzo yote hayo hayamalizi muda wa kunywa kikombe cha chai. Kijana huyohuyo akihitimu huenda akapangiwa kituo ambacho usiku hakuna daktari wa kumuuliza.

Hapo hujapanga kitabu hata kimoja. Umesikiliza swali bovu ukalitoa swali zima, ukajua jibu linakaa wapi, na ukapima kama bado linafaa. Hicho ndicho ulichosomea. Kwa bahati mbaya, ukikifanya vizuri anayeonekana ni mwanafunzi aliyefaulu, na wewe unabaki kuwa dada wa kaunta.

Ama hiyo kazi ya kupanga aliyoidharau mkwe wako, mpe Utendi wa Mwana Kupona aupange. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Ni ushairi wa Kiswahili, basi kwa Dewey utakwenda 896.392. Lakini umejaa mafundisho ya dini, na Uislamu uko 297. Utendi huo pia ni mawaidha ya ndoa na unyumba. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa maisha ya wanawake wa pwani ya Lamu karne ya 19. Nakala mnayo moja na itakaa mahali pamoja. Wewe ndiye unayeamua ni nani ataupata na ni nani atapita pembeni yake miaka yote bila kujua upo. Ukiuandikia kwenye katalogi neno "mashairi" peke yake, yule mwanahistoria umempoteza. Ukiuongezea ndoa, wanawake, Lamu, malezi, wote watafika. Halafu bado kuna jina la mtunzi: Msham ni baba yake, si jina la ukoo kama wanavyolidhania wenye mfumo, na ukilipindua kwa mtindo wa Kizungu hakuna Mswahili atakayelitafuta hapo. Dewey alichapisha mfumo wake Marekani mwaka 1876. Fasihi ya Kiingereza ikajipatia 820 nzima, yetu ikasukumwa nyuma ya nukta. Jambo hilo huniudhi kila nikisimama mbele ya rafu, lakini tuliache, tusije tukamaliza ukurasa.

Kuna la miiko pia, na kwenu chuo cha afya lina uzito kuliko unavyodhani. Siku moja matroni atakujia na uso wa mambo mazito, atataka kujua ni binti gani aliyeazima kile kitabu cha ukimwi au cha mimba. Utafanyaje? Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilipitisha maadili ya wakutubi mwaka 2012, na faragha ya msomaji imo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mshika funguo atalifungua daftari kwa sababu aliyeuliza ni mkubwa. Mkutubi atasema, "Samahani Matroni, hilo siwezi kukupa," kisha atalala usingizi mbovu wiki nzima akiogopa barua ya onyo. Kazi inayoweza kukuweka kwenye kona namna hiyo siwezi kuiita kazi ya kushika funguo.

Wanafunzi wanaosema kila kitu kipo Google hawajakosea sana, vipo vingi. Waulize tu wakitaka kusoma makala ya jarida la uuguzi wanakutana na nini. Wanakutana na muhtasari, halafu wanaombwa dola. Hapo unaingia wewe na Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Chuo kinajisajili, si mwanafunzi mmoja mmoja, na wa kusimamia usajili huo ni mkutubi. Kama chuo chenu hakijajisajili, hiyo ni kazi yako ya mwezi huu. Kama kilishajisajili na nywila imelala kwenye droo ya mtu, itoe. Pia jiandae na hizi programu za akili bandia. Wanafunzi watakuletea orodha ya vitabu vyenye majina mazuri, waandishi na miaka, na ukivitafuta hutaviona popote, kwa kuwa mashine imevitunga. Mtu wa kuwaambia kwamba kitabu hicho hakipo, na kuwaonyesha namna ulivyojua, atahitajika zaidi kuliko zamani.

Utasema, haya Mama, nayajua, lakini mkuu wa chuo hayajui. Hayajui kwa sababu hujamwambia. Naweza kukisia taarifa yako ya robo mwaka: idadi ya vitabu, vilivyoazimwa, vilivyochanika, viti vilivyovunjika. Ni taarifa ya stoo, na mwenye stoo huitwa mshika funguo. Weka daftari dogo kaunta. Kila swali zito likija, liandike bila jina la aliyeuliza, na uandike ulichompa. Taarifa ijayo anza na hayo: wakunga wa mwaka wa pili walihangaika na mada fulani, vitabu vyetu vya mada hiyo ni vya zamani, nimewapatia hiki na hiki, naomba tununue kile. Mkufunzi atakayeona taarifa inamwambia darasa lake limekwama wapi atakutafuta mwenyewe. Ukishaheshimika kwa hilo, omba saa moja ya ratiba kwa wanafunzi wapya kila mwaka uwafundishe kutafuta. Usiombe kwa unyonge. Omba kama anavyoomba mwalimu wa anatomia.

Chai sitakwambia ukatae kwa kishindo. Chuo ni kidogo, watu husaidiana, na mhasibu naye siku ya mahafali hubeba viti. Angalia tu kama mhasibu anaitwa kugawa chai siku ya kufunga hesabu. Kama haitwi, wewe nawe siku ambayo maktaba imejaa watu sema, "Nina wasomaji, nikimaliza nitakuja." Sema kwa upole, na urudie kila mara hadi wazoee. Hilo la kutoa wanafunzi ili kikao kikae lipeleke kwa maandishi kwa mkuu wa taaluma, maana wanaoumia ni wanafunzi wake.

Mama mkwe usimjibu kwa hoja. Wakwe hawashindwi kwa hoja, wanakasirika tu. Ukienda kumsalimia, dadisi taratibu ana lipi linalomsumbua: presha, kuku wanaokufa kila kiangazi, kiwanja kisicho na hati. Safari nyingine mpelekee kijitabu cha Kiswahili kinachohusu jambo hilo hasa, ukurasa umewekwa alama. Kama ni kuku, huenda ukawa ni ugonjwa wa mdondo, na atasoma mwenyewe kwamba kuna chanjo ya kudondoshea jichoni. Usimwambie kwamba hiyo ndiyo kazi yako. Ataisimulia mwenyewe kwa majirani zake, na atakavyoisimulia hutaiweza wewe.

Nimebakiza la mjomba. Kusomea ununuzi na ugavi si kosa, ni kazi ya heshima na ina nafasi nyingi. Ila sioni mahali popote kwenye barua yako uliposema unaipenda. Naona mtu anayekimbia kicheko. Ukiondoka kwa sababu mshahara hautoshi na chuo hakina daraja la juu la kukupandisha, nenda, nami nitakuombea dua. Ukiondoka kwa sababu ya sebule ile, utakuta vicheko vingine ugavini, maana huko nako kuna wanaoitwa wanunua karatasi.

Tena kuna njia ambayo mjomba hakuifikiria. Bagamoyo hawakukufundisha vitabu peke yake, walikufundisha na nyaraka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo tangu mwaka 2002, na kila hospitali, halmashauri na benki ina masjala ambayo faili likitafutwa linachukua siku mbili kupatikana. Anayejua kuainisha, kutunza na kutafuta kumbukumbu, za karatasi na za kompyuta, anahitajika kwenye ofisi zisizo na kitabu hata kimoja. Shahada ya taarifa na nyaraka ingekuachia mlango wa maktaba wazi na kukufungulia mingine. Kwa hiyo ada ya mjomba usiikatae. Mwendee siku ya utulivu, si mbele ya watu, mshukuru kwanza, kisha umuombe pesa ileile ibadilishiwe kozi. Nenda na majina ya vyuo, gharama zake na nafasi za kazi zilizotangazwa, umezitafuta mwenyewe na kuzipanga vizuri kwenye karatasi moja, maana mjomba anayelipa ana haki ya kuona anacholipia. Akigoma kabisa, niandikie tena tuangalie njia nyingine.